Ukakasi Si Neno la Kuazima

Kuna sentensi moja ambayo nimeichoka. Nimeisikia katika fizikia, nimeisikia katika sheria, nimeisikia katika benki, na sasa nimeisikia katika mvinyo: "Kiswahili hakina msamiati wa jambo hili." Safari hii ilitamkwa kwa kipaza sauti mjini Dodoma, katika maonyesho ya mvinyo wa Tanzania, na aliyeitamka ni kijana mtanashati aliyepewa kazi ya kutuongoza kuonja mvinyo mwekundu na mweupe wa nchi yetu wenyewe. Alituomba radhi. Alisema angependa sana kutumia lugha ya taifa, ila lugha hiyo "bado haijafika huko", kisha akashika Kiingereza na hakukiachia hadi chupa ya mwisho ilipokwisha. Nataka kusema hapa, mbele ya washairi na wapenzi wa lugha, kwamba sentensi ile si ya kweli, kwamba ina gharama, na kwamba gharama yenyewe haikulipwa na walioketi meza za mbele.

Kwanza tujue tunazungumzia kitu gani. Mvinyo wa Dodoma si habari ya jana. Mizabibu ililetwa na wamisionari Wakatoliki kutoka Italia waliokuwa Bihawana, katika miaka ya 1950, nao walikuwa na haja ya divai ya misa. Mmea uliipenda nchi ile kavu ya kichanga, iliyo juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,100, yenye jua lisilo na huruma na usiku wenye ubaridi. Kwa kuwa Dodoma haina majira ya theluji ya kuulaza mzabibu, mkulima anayejua kupogoa huweza kuchuma mara 2 kwa mwaka: mwanzoni mwa mwaka, Februari na Machi, na tena Agosti na Septemba. Mkulima wa Ulaya huchuma mara 1 na kushukuru. Ipo hata zabibu nyekundu inayobeba jina la mahali petu, Makutupora, kilipo kituo cha utafiti wa zao hilo. Nayo Hombolo na Mpunguzi ni majina yanayojulikana na kila mnunuzi wa zabibu nchini.

Kwa hiyo ni zaidi ya nusu karne sasa watu wanaosema Kiswahili na Kigogo wanapanda mizabibu, wanaipogoa, wanaifunga kwenye nyaya, wanachuma, wanakamua, wanachachusha na wanauza. Hebu aniambie mtu: kazi hiyo yote ilifanyika kwa ishara za mikono?

Tulipewa karatasi ya kuonjea kila mmoja, upande mmoja na kalamu juu yake. Yote ilikuwa kwa Kiingereza. Palikuwa na sehemu ya rangi, ya harufu, ya ladha, na orodha ya vitu vya kufananishia ili mwonjaji aweke alama ya vema panapohusika. Nilihesabu katika orodha ile matunda 5 ambayo hayaoti popote kati ya Dodoma na Bahari ya Hindi, na ambayo naamini yule kijana mwenyewe hajapata kuyatia kinywani yakiwa mabichi. Zambarau haikuwamo. Ukwaju haukuwamo. Ubuyu, ambao mibuyu yake inaonekana kila upande mtu atokapo mjini, haukuwamo. Tuliombwa tuonje kitu cha Dodoma kisha tukikumbuke kitu cha Ulaya.

Tuanze na mwekundu. Mvinyo mwekundu haupati wekundu wake katika maji ya tunda. Kamua zabibu nyekundu, nyingi ya hizo maji yake hutoka meupe. Rangi imo katika ganda. Ndiyo sababu mtengenezaji huyaacha maganda na kokwa humo humo wakati maji yale yanapochachuka, na pamoja na rangi hutoka kitu ambacho wakemia hukiita tanini. Tanini hushikamana na protini za mate, kinywa kikapoteza utelezi wake, ulimi ukawa kama umepakwa vumbi. Kiongozi wetu alitumia dakika nzima kutufafanulia hali hiyo kwa Kiingereza, akavuta mashavu ndani, akasugua vidole vyake kana kwamba anahesabu noti. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikatazama ukumbi mzima nikajiuliza ni nani humu ambaye hajapata kung'ata ndizi mbichi.

Mtoto wa miaka 6 wa Mtwara aliyekula bibo kabla halijaiva anakijua kitu hicho, na ana neno lake: ukakasi. Ni neno moja, si maelezo ya dakika nzima. Na tazameni lilivyoumbwa. Litamkeni polepole: ulimi unakwama mara 2 nyuma ya kinywa, karibu kabisa na kaakaa, halafu unatoka kwa kukwaruza. Mshairi akipewa kuunda neno la hali ile hawezi kulipita hilo. Tena halikubaki kinywani tu. Leo magazeti yetu huandika juu ya "kauli yenye ukakasi" na kila msomaji huhisi mashavu yakimkauka. Lugha iliyokwisha kulitoa neno kwenye tunda ikalipeleka kwenye siasa haiwezi kuambiwa kwamba haijafika kwenye glasi.

Wala ukakasi si wa aina moja. Upo wa bibo, unaoshika kinywa chote na kukataa kuondoka. Upo wa chai iliyoachwa na majani yake jikoni tangu alfajiri, ambao ni mkavu na una uchungu nyuma yake. Na upo wa zambarau, mwororo, ambao hupita pamoja na utamu na kuacha ulimi umebadilika rangi. Mvinyo wa Makutupora tulioonja kwanza, kwa ulimi wangu, ulikuwa na huu wa tatu. Nikaandika "zambarau" kwenye sehemu ya ladha, nikairudia kwenye sehemu ya harufu, na ningeweza kuiandika hata kwenye sehemu ya rangi kama si kwamba mvinyo wenyewe ulikuwa umekoza zaidi. Rangi ile ina jina lake pia, na kila muuza kitenge analijua: damu ya mzee. Kiongozi alitafuta maneno 3 ya Kiingereza kuielezea na bado akasema "kitu kama hivyo".

Sasa mweupe, ambao si mweupe. Kiswahili huita mweupe mtu yeyote aliye na rangi ya maji ya kunde kidogo kupita ndugu zake, basi hatuna la kujifunza kuhusu weupe wa kulinganisha. Katika glasi ulikuwa na umanjano wa majani yaliyoanza kukauka, na mmoja ulikaribia rangi ya samli. Mvinyo mweupe wa Dodoma aghalabu hutokana na zabibu iitwayo Chenin Blanc, ambayo asili yake ni bonde la mto Loire huko Ufaransa na ambayo imelowea sana Afrika Kusini. Sifa yake kuu ni kwamba hata ikiiva juani haipotezi ukali wake wa tunda. Karatasi yetu ilikuwa na mstari mmoja tu wa hali hiyo, neno moja la Kiingereza lenye maana ya asidi, na vijisanduku vya "chini", "wastani" na "juu".

Hapa ndipo nilipotaka kusimama na kupiga meza. Katika Kiswahili nilicholelewa nacho, na naamini wengi mtakubaliana nami, kuna ugwadu na kuna uchachu, na havilingani. Ugwadu ni wa ndimu, wa embe bichi lililotiwa chumvi na pilipili, wa ukwaju; umo katika tunda tangu mtini. Uchachu ni wa maziwa yaliyolala, wa togwa ya juzi; umeletwa na muda na chachu. Mvinyo mweupe mzuri una ugwadu, nao ndio unaofanya mate yajae na mtu atamani funda la pili. Mvinyo ulioharibika, ulioanza kwenda kwenye siki, una uchachu. Kijisanduku cha "juu" hakiwezi kumwambia mzalishaji kama amesifiwa au ametukanwa. Maneno yetu 2 yangemwambia. Nani basi ana lugha isiyofika?

Kuhusu harufu sitakaa sana, maana wasomaji wa hapa hawahitaji kufundishwa na mimi kwamba kwa kiambishi kimoja tu kitu kinachonuka huwa kinanukia. Pua ya Mswahili imefunzwa na udi, asumini, kilua, karafuu na hiliki kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine na shombo, vumba na uvundo. Mmoja wa mivinyo myeupe ulinukia asumini waziwazi, ile ya jioni inapoanza kufunguka. Mwingine ulikuwa na ukungu wa kabati lililofungwa masika nzima, yaani kasoro, lakini kwenye karatasi hapakuwa na mahali pa kuandika kasoro.

Tatizo halikuishia kwenye Kiingereza. Ilipofika zamu ya maswali, mtu mmoja aliomba walau yale ya msingi yatafsiriwe, na kiongozi akakubali kwa hisani. Hapo tukaambiwa kwamba tulichoonja ni "mvinyo mkavu", wenye "mwili wa kati", na kwamba "pua yake" ni nzuri. Nisaidieni ndugu zangu. Kitu majimaji kilichomo ndani ya glasi kinakuwaje kikavu? Kwetu mkavu ni samaki, ni kuni, au ni mtu asiye na haya, mkavu wa macho. Mwenye kutafsiri namna hiyo huchukua picha iliyomo katika lugha nyingine, akaivua nguo zake na kuileta mbele yetu ikitetemeka, halafu tukishindwa kuitambua anasema Kiswahili ndicho kilichopungukiwa.

Wanachokusudia Waingereza kwa neno lile ni kwamba sukari ya tunda imekwisha kugeuzwa kileo na haikubaki tamu ulimini. Basi jambo hilo wagema wa pwani wamelijua kwa karne nyingi. Tembo likitoka mnazini asubuhi ni tembo tamu. Likikaa, sukari ikaliwa, huwa tembo kali, na hapana mnywaji aliyepata kuyachanganya hayo mawili. Iringa, kwenye ulanzi, watu husema mtogwa na mkangafu. Tofauti ni ile ile iliyowashinda watafsiri wetu, nayo imelala kilabuni ikisubiri kuulizwa. Mtu aweza kunijibu kwamba "kali" huelekea pia kwenye nguvu ya kulevya, nami sikatai. Kama hatulitaki kwa sababu hiyo, tuseme "usio na utamu" na kila mtu ataelewa. Vivyo hivyo "mwili": uji ni mzito au ni mwepesi, na mvinyo ni mzito au ni mwepesi. Na kile wanachokiita mizania njema, mpishi yeyote hukiita kukolea. Mchuzi uliokolea haujazidi chumvi wala haujapungua, na usiokolea ni chapwa. "Mvinyo chapwa." Jaribuni kutafuta hukumu fupi na kali kuliko hiyo.

Nimetaja mchuzi, na sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Katika ukumbi ule walikuwamo wakulima. Hawakuwa wengi, na walikuwa nyuma, karibu na mlango wa jikoni, lakini walikuwamo, maana waandaaji walipenda waonekane. Mzee mmoja kati yao alipewa kipaza sauti. Aliuliza swali lililonyooka: je, mchuzi wa zabibu ukikaa kwenye matangi ya wakulima miezi kadhaa kwa kukosa mnunuzi, ubora wake unapungua kiasi gani, na ni haki bei ishushwe kwa sababu ya kukaa huko ilhali aliyechelewa ni mnunuzi? Kabla hajamaliza, kiongozi wetu alitabasamu akamkatiza: "Si mchuzi, mzee wangu. Mchuzi ni wa nyama." Ukumbi ukacheka. Mzee akacheka nao, kwa adabu, akarudisha kipaza sauti, akaketi. Swali halikujibiwa. Halikujibiwa hata kidogo. Tulipelekwa moja kwa moja kwenye chupa ya tano.

"Mchuzi wa zabibu" ndilo jina lake. Si kosa la mzee yule, wala si lahaja ya kijijini kwake. Ndivyo wanavyosema wakulima wa Dodoma, ndivyo wanavyosema wasindikaji wadogo wanaoukamua na kuuhifadhi ili wauze viwandani, ndivyo yaandikavyo magazeti, na ndivyo wanavyosema wabunge wanapoutetea bungeni. Ni istilahi kamili, iliyozaliwa kazini, yenye mantiki ya Kiswahili: mchuzi ni majimaji yaliyobeba ladha ya kitu kilichotolewa humo. Hakuna kamati iliyoiketi. Hakuna aliyeiazima. Kijana yule, anayelipwa kuusemea mvinyo wa Tanzania, hakuwa akilijua neno la msingi kabisa la kazi yake katika lugha ya watu wanaoifanya, na kutojua kwake akakugeuza kuwa mzaha juu ya mwenye kujua.

Ndugu zangu, hapo si suala la msamiati tena. Aliyelichekesha neno la mzee alilifuta na swali lake, na swali lile lilikuwa la fedha. Fikirini familia yenye matangi mawili ya mchuzi na ada ya shule ya Januari.

Wakati wa mapumziko nilitoka nje. Mama mmoja wa kundi lile la nyuma alinisalimu, "Mbukwa, Mwalimu," kwa kuwa nilimfundisha binti yake zamani. Karatasi yake ya kuonjea ilikuwa mkononi, imekunjwa mara 4, haina alama hata moja. Nikamuuliza ameionaje chupa ya tatu.

"Ile, Mwalimu, walichuma mapema," alisema bila kufikiri sana. "Sukari ilikuwa bado. Ndiyo maana ina ule ukakasi wa kijani, na maganda waliyaacha humo siku nyingi, wakitafuta rangi. Ile ya nne ndiyo zabibu iliyoiva. Imekolea. Ukimeza haikuachi."

Haikuachi! Waonjaji wa lugha nyingine wana neno la ladha inayokawia kinywani baada ya funda kumezwa, na kiongozi wetu alilitafsiri "mwisho", kama wa filamu. Mama yule alisema "ukimeza haikuachi", akawa ametoa kwa sentensi chache hukumu ya shambani, ya kiwandani na ya kinywani, akaeleza kasoro na chanzo chake. Kisha kengele ikalia, tukarudi ndani, na mwishoni karatasi zikakusanywa. Tuliambiwa kwamba maoni yetu yangepelekwa kwa wazalishaji na wanunuzi ili wajue umma unapenda nini. Yake ilikusanywa tupu.

Najua pingamizi litakalotoka kwetu wenyewe, katika jamii hii ya washairi, na nitalijibu bila kuzunguka. Kuna wenzetu watakaosema kwamba Kiswahili ni lugha iliyokulia katika Uislamu, kwamba kileo ni haramu, na kwamba ni heri lugha ikakosa maneno ya glasi kuliko kuyapata. Ninaiheshimu imani hiyo, na simwalika anayejiepusha na kileo aonje chochote. Lakini lugha si kinywa cha mtu mmoja. Kiarabu ndicho lugha ya Kurani, na ndicho kilichokuwa na fani nzima ya mashairi ya mvinyo. Abu Nuwas wa Baghdad aliyafikisha kileleni, na karne kadhaa baadaye, mjini Kairo, Ibn al-Farid, aliyefariki 1235, aliyachukua maneno yale yale ya mvinyo akayatumia kuelezea mapenzi ya Mwenyezi Mungu. Msufi yule hakuhitaji kulewa ili aliazime neno. Alihitaji neno liwepo.

Na kwetu? Mwandishi tunayemwita baba wa fasihi ya Kiswahili, Shaaban Robert, Mwislamu wa Tanga, ndiye aliyemleta Omar Khayyam katika Kiswahili. Kazi hiyo imejaa mvinyo kutoka ukurasa hadi ukurasa, na mzee wetu hakuikimbia wala hakusema lugha haijafika. Alikaa na neno hadi likamtii. Nyimbo za kale zinazonasibishwa na Fumo Liyongo nazo zinaujua mnazi na tembo lake. Hata hamira tunayotia kwenye maandazi ya futari ina nasaba moja na neno la Kiarabu la mvinyo, khamri, kwa kuwa yote mawili yametoka katika mzizi wa kuchachuka. Anayetaka kuifuta harufu ya zabibu katika Kiswahili ana kazi kubwa mbele yake, na aanzie jikoni kwa mkewe.

Sisemi kwamba tuna kila kitu. Mimi si katika wale wanaotaka kila neno la kigeni livuliwe viatu mlangoni. Tanini na ibaki tanini, maabara inaihitaji. Majina ya zabibu yabaki kama yalivyo. Mti ambao Wafaransa hutengenezea mapipa una jina katika Biblia zetu, mwaloni, lakini hakuna kati yetu anayejua unavyonukia, basi tutajifunza. "Mvinyo" lenyewe limetoka kwa Wareno, "divai" kwa Wafaransa, na mhudumu wa baa husema "waini" na analetewa chupa sahihi. Sioni sababu ya kupigania hilo. "Zabibu" nayo ni ya Kiarabu, ambako humaanisha ile iliyokaushwa tu, sisi tukaieneza hadi kwenye mbichi na kulazimika kusema "zabibu kavu". Kuazima ni afya. Ninachokipinga ni kuazima kitu ulichonacho nyumbani, tena kwa riba, na kumcheka mwenye nyumba anapokionyesha.

Wala sihitaji istilahi za mezani. Nimeona mara nyingi, katika miaka yangu ya ualimu, kamusi za fani fulani zikishushwa shuleni zikiwa na maneno marefu yasiyopata kutoka katika kinywa cha mtu mwenye njaa au kiu. Kwenye mvinyo tusifanye hivyo. Maneno yapo Hombolo, yapo Mpunguzi, yapo kwa wagema wa Tanga na kwa wauza manukato wa Unguja. Kazi ni kwenda kuyauliza, na kazi hiyo ni yetu sisi zaidi kuliko ya mafundi wa kilimo, kwa maana sisi ndio tunaojigamba kwamba tunaijua lugha.

Nyuma ya karatasi yangu, wakati chupa ya sita inazungushwa, niliandika ubeti huu:

Mwekundu nimeuonja, ukakasi mdomoni,
Mkulima wampunja, bei yake iko chini,
Lugha mwaivunjavunja, mwaiita masikini,
Hatutaki tena janja, Kiswahili ki kinywani.

Nikaikabidhi karatasi hivyo hivyo, ubeti ukiwa nyuma na zambarau zangu mbele. Aliyekusanya aliigeuza, akaisoma akitembea, akaiweka chini ya nyingine.

Ninawaomba wanaoandaa maonyesho haya jambo moja la kawaida kabisa. Karatasi ile ipigwe chapa upande wa pili kwa Kiswahili. Iwe na nafasi ya rangi, na humo ziwemo damu ya mzee, zambarau, samli na manjano ya majani. Iwe na nafasi ya harufu, yenye asumini, karafuu, ubuyu na ukwaju, na mahali pa kuandika ukungu au siki pale zinapojitokeza. Iwe na ukakasi, ugwadu na uchachu, kila kimoja na mstari wake, uzito, kukolea, na swali la mwisho, "Ukimeza, unakuacha au haukuachi?" Kabla ya kuichapa, apewe mama wa safu ya nyuma aisome na kufuta asichokitambua. Na mzee aliyeuliza habari za mchuzi wake atafutwe, ajibiwe. Mavuno ya pili huanza Agosti, muda upo.

Washairi nao, msinisifu kwa ubeti ule. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nileteeni maneno: mnaitaje kwenu ladha ya tunda lililoiva kupita kiasi, linaloanza kunukia kama pombe kabla halijaoza? Nimelitafuta Dodoma nzima. Kwa Kigogo nimepewa mawili yanayobishaniwa, na kwa Kiswahili cha pwani najua lipo, maana nimepata kulisikia sokoni Tanga, kwenye fungu la mapera, kutoka kwa muuzaji aliyekuwa akimkataza mnunuzi asilichague.